Paul Bomani: Meneja aliyeijua mizani

Wakulima wa pamba wa Mwanza wenye umri mkubwa wanalikumbuka jina la marehemu Paul Bomani kwa sababu ya mizani. Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi binafsi, naye mnunuzi ndiye aliyepima, aliyesoma uzito na aliyelipa. Malalamiko ya kupunjwa yalijaa Usukuma yote na Ukerewe.

Bomani alizaliwa mwaka 1925. Miaka ya 1940 alikuwa karani wa hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha mwaka 1947 akahamia Mwanza mjini kuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Wengi humtaja kwa siasa tu, lakini kwa maoni yetu kazi hizi mbili ndizo zilizomjenga. Alijua kufunga hesabu, na alijua duka linavyokufa kwa kukopesha ovyo.

Wakulima walipoanza kuweka wapima wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, Bomani aliwaunganisha. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza, Chuo cha Loughborough, kusomea ushirika. Mwaka 1955 ukaanzishwa muungano wa vyama vya ushirika uliofahamika kwa herufi VFCU, yeye akiwa Meneja Mkuu.

Hapo kazi ilibadilika. Kununua pamba ni jambo moja. Kuichambua ni jingine. Kilo 100 za pamba mbegu hutoa nyuzi kiasi cha theluthi moja tu, nyingi inayobaki ni mbegu. Meneja asiyelijua hilo hawezi kugundua kiwandani kukiwa na upotevu, hata kama karani wake ni hodari namna gani. Muungano ukajenga viwanda vyake, kile cha kwanza Kasamwa, Geita. Ukahitaji pia magari, maghala, fedha za msimu, na makatibu wa vyama vya msingi wanaojua kuandika stakabadhi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilipita mikononi mwake.

Mwaka 1960 Bomani aliingia serikalini kuwa Waziri wa Kilimo, baadaye Waziri wa Fedha. Muungano ulizidi kupanuka kuliko idadi ya watu waliojua kuuendesha. Nafasi zikatolewa kwa undugu, hesabu zikachelewa, makato kwa mkulima yakaongezeka. Mwaka 1966 Kamati ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini ikakuta matatizo ya aina hiyo. Serikali iliingilia kati, na mwaka 1968 Ushirika wa Nyanza ukachukua nafasi ya muungano.

Bomani mwenyewe alikuja kuwa Balozi nchini Marekani tangu 1972 hadi 1983. Alifariki mwaka 2005. Kwenye vituo vya kununulia pamba, mkulima bado husogea karibu na mizani kuusoma uzito mwenyewe.