Virginia Woolf na Mizimu Isiyotisha

Virginia Stephen alizaliwa London tarehe 25 Januari 1882. Mwaka huohuo baba yake, Leslie Stephen, alianza kuhariri kamusi kuu ya wasifu wa Waingereza, hivyo binti alikulia miongoni mwa marehemu waliopangwa kwa alfabeti. Marehemu wake mwenyewe hawakuchelewa. Mama alifariki mwaka 1895, Virginia akiwa na miaka 13. Stella, dada yake wa mama mmoja baba mbali, mwaka 1897. Baba mwaka 1904. Kaka yake Thoby mwaka 1906. Maradhi ya akili yaliyomwanza baada ya msiba wa mama hayakumwacha moja kwa moja.

Kiswahili kilimpitia karibu mara moja, katika tukio lisilomletea sifa. Mwezi Februari 1910, yeye, mdogo wake Adrian na wenzao walijidai msafara wa wana wa kifalme wa Uhabeshi, baadhi yao wakiwa wamejipaka weusi, ili kuwalaghai maofisa wa manowari Dreadnought. Adrian, aliyejifanya mkalimani, alikuwa amejaribu kujifunza Kiswahili garini kwa kitabu cha sarufi cha wamisionari. Kilipomwishia akakimbilia Kilatini cha Virgil, akikipotoa matamshi. Lugha ya watu ilifanywa kelele tu.

Mwaka 1912 aliolewa na Leonard Woolf, wakapanga Asheham, nyumba ya Sussex iliyosemekana kuwa na mizimu. Nyumba hiyo ndiyo inayodhaniwa kuzaa "A Haunted House", hadithi ya kurasa chache iliyotoka mwaka 1921 katika mkusanyiko Monday or Tuesday, kwa chapa ya Hogarth Press waliyoianzisha wenyewe. Mume na mke waliokufa zamani wanarudi kutafuta hazina yao, huku mume na mke walio hai wamelala.

Uzito wa hadithi hii umo katika viambishi kuliko katika matukio. Inaanza kwa nafsi ya pili, ile ya kumwambia yeyote. Inahamia nafsi isiyo na mwenyewe, ambayo Kiswahili huisogelea kwa neno *mtu*. *Mimi* huonekana na kupotea, mpaka mwishoni anapoamka na kupaza sauti. Kiingereza humtenga mume na mke kwa kiwakilishi. Kiswahili kina *a-* pekee, na mtafsiri asiyetaja *mume* na *mke* pale inapobidi atampoteza msomaji. Hata hivyo hasara hiyo ina faida yake: walio hai na waliokufa hushiriki kiambishi kimoja, jambo ambalo hadithi yenyewe inalitamani.

Kuna pia suala la ngeli. *Mizimu inatafuta* ni upatanisho wa M-/MI-. *Mizimu wanatafuta* huwapa utu. Hapa *wa-* ndiyo inayofaa, kwa kuwa wapendanao hawa hawamtishi mtu. Vivyo hivyo kwa njeo: masimulizi yanaanzia wakati uliopita, kisha, wafu wanapokikaribia kitanda na taa yao, yanateleza kuingia wakati uliopo. Anayesawazisha yote kwa *-li-* huwarudisha wafu kaburini. Na neno la usalama, ambalo nyumba hulipiga mara tatu kama moyo, libaki *salama* tupu. *Salama salimini* ni tamu masikioni lakini huvunja pigo. Kinachobadilika kila linaporudi ni kielezi: kwanza upole, baadaye furaha, fahari, hatimaye mshindo.

Wafu hawakumtoka baada ya hapo. Katika To the Lighthouse, mwaka 1927, alimrudia mama yake, akakitaja kifo cha mhusika aliyemfanana kwa sentensi moja ndani ya mabano, kana kwamba ni habari ya kando.

Tarehe 28 Machi 1941, akihofia kwamba maradhi yanamrudia, Virginia Woolf alijitosa katika Mto Ouse karibu na kijiji cha Rodmell. Leonard alipokusanya hadithi zake fupi, zikatoka mwaka 1944, aliutia mkusanyiko huo jina la hadithi ile ya nyumba yenye mizimu.