Sultani aliyejenga Kilwa kwa zege la chokaa

Sultani Al-Hassan bin Suleiman, aliyetawala Kilwa takribani mwaka 1310 hadi 1333, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mjenzi. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake, naye alipiga sarafu zenye jina lake. Moja ya shaba ilikutwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na pwani.

Simulizi za kale za Kilwa zinaeleza kuwa ujanani alikaa Aden miaka miwili akisoma, akahiji Maka, ndipo akarudi kutawala. Ibn Battuta alimkuta madarakani mwaka 1331, akasifu ukarimu wake. Watu walimwita Abu'l-Mawahib, yaani mtoaji wa zawadi.

Fedha hizo aliziingiza kwenye majengo. Huko Husuni Kubwa, juu ya mwamba unaotazama bahari, alijenga jumba la vyumba zaidi ya 100, pamoja na maghala na bwawa la pembe nane. Jumba halikukamilika, na halikukaliwa muda mrefu.

Mali ghafi ilitoka papo hapo. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo la kuni na kuchomwa hadi kuwa chokaa, ambayo ilizimuliwa kwa maji. Ikichanganywa na mchanga na vipande vya matumbawe, ilitoa zege la kuta, matao na kuba. Chokaa haina haraka kama saruji. Hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, hivyo ukuta mnene huchukua miaka. Fundi aliyeondoa mbao za kuegemeza kuba mapema alijitakia hasara.

Aliupanua pia Msikiti Mkuu, kwa nguzo zilizochongwa kila moja kutoka jiwe zima la tumbawe. Hapo ndipo penye funzo la gharama: katika karne hiyo ya 14 paa liliporomoka. Ukumbi ulisimamishwa tena karne ya 15, safari hii kwa nguzo za mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Hizo ndizo zinazoonekana Kilwa Kisiwani, na kwa mtazamo wa kiuchumi ni ajabu kwamba mchanganyiko wa bei nafuu uliushinda mchongo wa thamani.

Baada ya kifo chake ndugu yake Daud alishika utawala, naye kwa utoaji hakufanana naye hata kidogo.