Stanley aliyebatiza Kongo, na Kongo ikamubatiza Bula Matari

Hadi mwaka wa 1966 mji wa Kisangani uliitwa Stanleyville, na wazee wa Tshopo wangali wanalikumbuka jina hilo. Lakini hata Stanley mwenyewe hakuzaliwa nalo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 huko Denbigh, katika inchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na mtoto alipotimiza miaka sita alipelekwa kulelewa katika nyumba ya maskini. Mwaka wa 1859 alivuka bahari mpaka New Orleans, Marekani, na huko akachukua jina la mfanyabiashara mmoja. Alidai kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Wanahistoria wengi hawakubali.

Akawa mwandishi wa gazeti, na mwaka wa 1871 akamkuta Livingstone kule Ujiji. Sifa ikaenea. Miaka mitano baadaye alifika Nyangwe, Maniema, akashuka na mto Lualaba hadi Boma, Agosti 1877. Wazungu watatu aliotoka nao pwani walikufa wote, pamoja na wapagazi wengi ambao majina yao hayakupewa mlima wala ziwa.

Njiani alikuwa akigawa majina kama vile pahali pote palikuwa patupu. Maporomoko yakawa Stanley Falls, na pale mto unapopanuka pakawa Stanley Pool. Mto wenyewe alitaka uitwe Livingstone, ila jina hilo halikushika. Wagenia waliokuwa wakivua samaki kwenye maporomoko walikuwa na jina lao, Boyoma. Wenye kusema Kiswahili walipaita Kisangani, yaani kisiwani. Na kweli, kituo alichokiacha Stanley mwaka wa 1883 kilikuwa juu ya kisiwa.

Safari hiyo ya pili alikuwa mtumishi wa mfalme Leopold II wa Ubeleji. Tangu 1879 alipasua barabara kutoka Vivi, ng'ambo ya Matadi ya leo, ili meli zibebwe vipande vipande kupita maporomoko. Wakongo walipoona miamba ikivunjwa kwa nyundo, wakamwita Bula Matari. Kwa Kikongo, bula ni kuvunja, na matari ni mawe. Ni neno lile lile la Matadi, sauti tu ndiyo inageuka kidogo. Hilo jina hakulichagua, lakini alilipenda.

Siku hizo hizo machifu walitia alama kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, na karatasi hizo zilimsaidia Leopold kuipata inchi mwaka wa 1885. Basi jina likahama. Stanley alikwisha kuondoka, lakini mtu aliyekuja kudai mpira na kodi, akiwa na askari na fimbo, aliitwa Bula Matari. Likawa jina la serikali yenyewe. Mama aliyesikia kijijini kwamba Bula Matari anakuja hakuwaza juu ya barabara ya Vivi; aliwaza kukimbilia porini na watoto.

Stanley alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Alitaka kuzikwa Westminster Abbey karibu na Livingstone, wakamkatalia. Jiwe la kaburi lake, katika kijiji cha Pirbright, lina maneno ya Kikongo: Bula Matari.

Mobutu aliyafuta majina mengine. Stanleyville ikawa Kisangani, Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanley Pool ikawa Malebo. Kilima cha Mont Stanley mjini Kinshasa kilipewa jina la Ngaliema, chifu aliyepatana na Stanley kwa damu. Moja lilirudi. Ziwa ambalo Stanley aliliita Edward mwaka wa 1889, kwa heshima ya mwana wa malkia wa Uingereza, liliitwa Idi Amin miaka ya 1970. Amin alipoanguka, jina lake likaondoka naye. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge bado wanatupa nyavu zao katika ziwa Edward.