Mus'ab bin Umayr (R.A.): Alipobadilika, Marafiki Walienda Wapi?



Ndugu yangu msomaji, na wewe dada yangu, Ramadhan karim. Mwezi huu wengi wetu twabadilika, alhamdulillah. Aliyekuwa hakosi maskani baada ya Isha sasa yuko safu ya mbele kwenye tarawehe. Mwengine ameacha miraa, mwengine ameanza kujisitiri. Lakini kuna jambo halitajwi sana kwenye darsa zetu: ukibadilika wewe, na urafiki wako hubadilika. Simu zapungua. Waanza kuitwa sheikh kwa kejeli. Waambiwa ati wajifanya. Hilo linauma, tusidanganyane, na wako waliorudi nyuma kwa sababu hiyo tu.

Basi hebu tumtazame kijana mmoja aliyepitia hayo kabla yetu, zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

KIJANA WA MJI

Mus'ab bin Umayr alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Abdid-Dar. Huu ndio ukoo uliokuwa na heshima ya kushika ufunguo wa Al-Kaaba na kubeba bendera ya Makureshi vitani. Mamake, Khunas binti Malik, alikuwa mwanamke tajiri na mwenye sauti, na mwanawe hakumnyima kitu. Mus'ab alivaa nguo nzuri kuliko vijana wote wa Makka, viatu vyake vilitoka Hadhramaut, na manukato yake yalikuwa hayana mfano. Kijana kama huyo, wewe mwenyewe wajua, hakosi marafiki.

Kisha akasikia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) na wafuasi wake wachache hukutana katika nyumba ya Al-Arqam. Akaenda, akasikiliza, akasilimu. Akaificha imani yake, kwa kuwaogopa mamake na watu wake. Lakini siku moja Uthman bin Talha, kijana wa ukoo wake mwenyewe, akamwona akiswali. Akaenda kumsema kwa mamake na jamaa zake.

Likumbuke jina hilo, Uthman bin Talha. Tutalirudia.

Mus'ab akafungiwa ndani. Alikaa kifungoni mpaka akapata njia ya kutoroka, akahama na Waislamu wa kwanza kwenda Habasha mwaka wa 615. Aliporudi, mamake alitaka kumfunga tena. Safari hii alikataa katakata. Wakaachana huku wote wawili wakilia: mama akishikilia dini ya wazee wake, na mwana akimsihi kwa huruma aingie Uislamu. Kuanzia hapo mali ikakatika. Kijana wa hariri na manukato akawa anaonekana na nguo yenye viraka, na ngozi ya mwili wake ikachakaa kwa dhiki.

Je, wale marafiki wa barazani walienda wapi? Sira haitutajii hata mmoja wao aliyekuja kumfungulia mlango.

MARAFIKI WAPYA

Mwaka wa 621 watu 12 kutoka Yathrib, mji tunaouita leo Madina, walimpa Mtume (S.A.W.) ahadi pale Aqaba. Wakahitaji mwalimu. Mtume (S.A.W.) akamchagua Mus'ab, na Mus'ab akafikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara.

Huko kuna kisa ambacho kila kijana anayetaka kuwalingania wenzake yafaa akijue. Siku moja Usayd bin Hudhayr, mmoja wa wakubwa wa mji, aliwajia na mkuki mkononi, amekasirika, akitaka waondoke. Mus'ab hakupandisha sauti. Alimwomba akae asikilize tu: akipenda akubali, asipopenda wao wataacha. Usayd akaona hiyo ni haki, akachomeka mkuki chini, akakaa. Akasilimu. Kisha akaja Sa'd bin Mu'adh, naye vivyo hivyo. Mwaka uliofuata, zaidi ya watu 70 wa Madina walikwenda Aqaba kumpa Mtume (S.A.W.) ahadi.

Waona? Ile haiba iliyompendeza Makka haikupotea. Aliyewajua watu barazani alijua pia namna ya kuongea nao kwa ajili ya Allah.

BADR NA UHUD

Ramadhan ya mwaka wa 2 Hijria, yaani 624, vilipiganwa vita vya Badr. Nduguye Mus'ab wa damu, Abu Aziz, alikuwa upande wa Makureshi, akatekwa. Mus'ab alipopita alimwambia Mwanswari aliyemshika amfunge vizuri, kwani mamake ana mali na atamkomboa. Abu Aziz alishangaa: ndugu wa tumbo moja asema hivi? Mus'ab akamjibu kwamba yule Mwanswari ndiye nduguye sasa. Ni maneno mazito. Lakini usisahau upande wa pili, aliousimulia Abu Aziz mwenyewe: waliomteka walimpa yeye mkate, wao wakala tende, kwa sababu Mtume (S.A.W.) aliwausia mateka watendewe wema.

Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Shawwal, vikaja vita vya Uhud. Bendera ya Makureshi ilibebwa na Bani Abdid-Dar. Bendera ya Waislamu ilibebwa na Mus'ab, naye ni Bani Abdid-Dar. Aliuawa akiwa ameishika. Alipotaka kuzikwa hapakupatikana sanda ila nguo moja fupi: wakifunika kichwa miguu yabaki nje, wakifunika miguu kichwa chabaki nje. Mtume (S.A.W.) akaamrisha kifunikwe kichwa, na miguu iwekewe majani ya idhkhir.

Miaka ikapita, Waislamu wakapata mali. Siku moja Abdurrahman bin Awf alikuwa amefunga, akaletewa chakula. Akamkumbuka Mus'ab na ile sanda fupi, akasema Mus'ab alikuwa bora kuliko yeye. Akalia mpaka akakiacha chakula. Huyo ndiye rafiki.

NA YULE ALIYEMSEMA?

Uthman bin Talha alimpoteza babake na jamaa zake kadhaa pale Uhud, upande wa Makureshi. Mwaka wa 8 Hijria alikwenda Madina pamoja na Khalid bin Walid na Amr bin Al-As, akasilimu. Mwaka huohuo, Ramadhan, Makka ilipofunguliwa, Mtume (S.A.W.) alimrudishia ufunguo wa Al-Kaaba, na mpaka leo ufunguo huo uko kwa ukoo wao. Mus'ab hakuishi kuyaona hayo.

Kwa hivyo ndugu yangu, rafiki anayekucheka leo usimfungie mlango. Mwache akuzomee, wewe msalimie, mwombee dua, mkaribishe futari. Kuacha kukaa naye kwenye maasia ni lazima. Kumdharau si lazima. Hujui ni ufunguo gani Allah amemwekea.

Na wewe ambaye mwenzako amebadilika ukabaki nyuma, usiwe wa kwanza kumvunja moyo. Kaa usikilize, kama Usayd.

Tena tukumbuke: Badr ilikuwa Ramadhan, Uhud ilikuwa Shawwal. Mtihani wa marafiki hauji sana mwezi huu, kwani sote tuko msikitini. Waja baada ya Idd, simu ikilia jioni na wenzako wakikungoja maskani. Tafuta kuanzia sasa, hapo hapo kwenye safu ya tarawehe, mtu mmoja au wawili wa kushikana nao mkono wakati huo ukifika.

Allah atujaalie marafiki wema, awaongoze tuliowaacha nyuma, na atukutanishe sote peponi na Mus'ab bin Umayr (R.A.). Aamin.

Wabillahi tawfiq.