Sultan Khan: Mtu wa Subira Mbele ya Bingwa

Usiku, mashine zinaponyamaza katika Zone Industrielle ya Bujumbura, askari wa zamu hujua kwamba lindo halitaki pupa, lataka subira. Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya Sultan Khan, bingwa wa sataranji.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Punjab, India ikiwa bado chini ya Waingereza, akafunzwa mchezo huo na baba yake. Kwa kanuni za kwao, kete ya askari haikuruhusiwa kuruka vyumba viwili katika hatua yake ya kwanza. Mwaka 1928 alikuwa bingwa wa India nzima. Mwaka 1929 mfadhili wake, Sir Umar Hayat Khan, ofisa wa jeshi na mwenye mashamba makubwa, alimchukua London. Baada ya miezi michache tu akatwaa ubingwa wa Uingereza.

Katika mashindano ya Hastings ya 1930 na 1931 alipambana na José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Capablanca, mwenye kete nyeusi, alitumia Kinga ya Kihindi ya Malkia, inayopendwa hata leo: farasi hutangulia, kisha askari mmoja husogea kumfungulia askofu njia ya kulenga katikati ya uwanja kutoka mbali.

Baadaye Capablanca alizipeleka ngome zake mbili kumshambulia mfalme. Sultan Khan hakutaharuki. Malkia wake aliiangusha ngome ya kwanza, naye akaangushwa na ya pili; mfalme mwenyewe akaimaliza hiyo ya pili. Kisha, kwa hatua zaidi ya 40, alimbana mpinzani taratibu, hata katika hatua ya 65 Capablanca akasalimu amri.

Alitwaa tena ubingwa wa Uingereza mwaka 1932 na 1933. Lakini mwishoni mwa 1933 mfadhili wake alirejea India, naye akarejea pamoja naye. Alimaliza siku zake mashambani, akafariki mwaka 1966 nchini Pakistan. Mwaka 2024 Shirikisho la Sataranji la Dunia lilimtunuku cheo cha heshima cha bingwa mkuu, miaka 58 baada ya kuzikwa.

Safari ya kwenda na ya kurudi zote ziliamuliwa na mwingine. Ubaoni tu ndipo kila hatua ilipokuwa yake, wala hakuipoteza hata moja kwa pupa.