Ted Fujita, mtu aliyesoma nyayo za upepo

Msikilizaji wetu, kisulisuli unakijua. Kiangazi kikikolea huibuka katikati ya uwanja wa shule, kikainua vumbi na majani, watoto wakakikimbilia, na baada ya dakika mbili kimekwisha. Sasa fikiria kinachoshuka kutoka kwenye wingu la radi, kipana kuliko kijiji, kinachobeba nyumba nzima na kuacha sakafu tupu. Hicho huitwa tonado, na nchi inayopigwa nacho zaidi ni Marekani. Lakini aliyewafundisha Wamarekani kukipima alikuwa Mjapani, Tetsuya Fujita.

Alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1920 katika kisiwa cha Kyushu. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alimwomba kabla ya kufa asome chuo cha karibu na nyumbani badala ya kwenda Hiroshima. Kijana akatii. Agosti 1945 Hiroshima ikapigwa bomu la atomiki. Siku tatu baadaye ndege ya bomu la pili ilielekea Kokura, mji ulio jirani na chuo cha Fujita, ikakuta mji umefunikwa na mawingu na moshi, ikageukia Nagasaki. Aliponea mara mbili.

Wiki chache baadaye alitumwa kwenda kukagua miji hiyo miwili. Alitazama kila kitu kimeungua upande upi na upande upi umebaki, na kwa alama hizo akakokotoa bomu lililipuka juu kiasi gani kutoka ardhini. Kazi yake yote iliyofuata ilikuwa ya namna hiyo: kufika baada ya maafa na kusoma nyayo.

Mwaka 1953 alialikwa Chuo Kikuu cha Chicago, akabaki Marekani, na baadaye akaongeza jina la Theodore. Watu wakamwita Ted. Tonado ilipopiga mji wa Fargo mwaka 1957, alikusanya picha zipatazo 200 zilizopigwa na wananchi, akazipanga kwa dakika, akaieleza dhoruba ile tangu mwanzo hadi mwisho. Nani mwingine angefikiria kwenda kuomba picha za majirani?

Mwaka 1971 alitoa kipimo chake, kuanzia F0 hadi F5. Ni vigumu sana kusimika mtambo wa kupima upepo ndani ya tonado na ukabaki mzima, kwa hiyo Fujita aliangalia uharibifu. Matawi yamekatika tu? Hiyo ni F0. Nyumba imara imefagiliwa hadi msingi? Hiyo ni F5, aliyoikadiria kuwa zaidi ya kilomita 400 kwa saa.

Kisha ikaja tarehe 3 Aprili 1974. Ndani ya siku moja hivi tonado 148 zilipiga majimbo 13, watu zaidi ya 300 wakafa. Mjini Xenia, Ohio, wanafunzi wa sekondari walikuwa jukwaani wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Walipoiona inakuja walikimbilia kwenye korido na kulala chini. Basi la shule likarushwa likatua juu ya jukwaa walilokuwa wamesimama. Wao wakapona. Mjini Louisville mtangazaji wa redio aliyezoea kuripoti foleni za magari aliifuata tonado kwa helikopta, akiwaambia wasikilizaji mtaa unaofuata ni upi. Mimi kama mtangazaji, kisa hicho sikisahau.

Fujita alizunguka angani kwa ndege ndogo akichora njia za tonado zile. Ramani zake zilionyesha kwamba nyingi si F5. Na kwa kawaida tonado nyingi ni dhaifu. Maana yake ni kwamba kujikinga kunawezekana. Wahandisi nao waligundua katika miji iliyopigwa kwamba nyumba ikiondoka, mara nyingi chumba kidogo cha katikati, bafu au stoo, hubaki kimesimama. Ndipo wakaanza kujenga vyumba vya zege au chuma ndani ya nyumba kwa wasio na handaki. Ushauri unaotolewa huko leo ni huo: shuka chini ya ardhi au ingia chumba cha ndani kabisa, mbali na madirisha, ukinge kichwa, na uwe na redio ya betri.

Katika safari zile aliona pia miti iliyolala kama miali ya jua, yote ikitoka katikati kwenda nje. Tonado huzungusha, hii ilionekana kusukumwa kutoka juu. Mwaka 1975 ndege ya abiria ilianguka New York ikijaribu kutua wakati wa mvua ya radi, wakafa watu 113. Fujita akasema ni upepo ule ule, unaodondoka kutoka winguni na kutawanyika ukigusa ardhi. Wataalamu wengi walimpinga, hadi rada zilipouona. Viwanja vya ndege vikawekewa mitambo ya kuugundua.

Hapo ndipo anapotuhusu sisi. Upepo wa baridi unaotangulia mvua na kuezua mabati ya madarasa mara nyingi ni ndugu wa huo. Wingu jeusi likikaribia, usisubiri tone la kwanza ndipo uwatoe watoto chini ya mti.

Fujita alifariki Chicago tarehe 19 Novemba 1998. Tonado kwa macho yake aliiona mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1982, karibu na Denver, akiwa na miaka 61, miaka 11 baada ya kutoa kipimo chake.