Askofu Hannington na Wapagazi Wake

Wengi wetu tulivuka mpaka pale Busia au Malaba mwanzoni mwa 2008, tukakaa Mulanda kule Tororo kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo. Hatukujua kwamba miaka mingi kabla yetu kuna mtumishi wa Mungu aliyeikatiza nchi ile ile akielekea Uganda, wala hakurudi. Siku zake hapakuwa na geti wala mpaka. Ni James Hannington, ambaye Waanglikana humkumbuka kila Oktoba 29.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1847. Alikuwa mtoto mtundu. Akichezea baruti alipoteza kidole gumba. Alipokuwa mchungaji alisikia habari za wamisionari wawili waliouawa Ukerewe mwaka 1877, na jambo hilo likamkaa moyoni. Mwaka 1882 akaacha mke na watoto, akaja. Alifika kusini mwa Ziwa Victoria akiwa hoi kwa homa na kuhara damu, ikabidi arudishwe kwao. Wengi walidhani ndio mwisho. Lakini alipona, na Juni 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika Mashariki ya Ikweta.

Julai 1885 aliondoka Rabai na watu wapatao 200, akafuata njia fupi ya Umasaini. Kule Buganda, Kabaka Mwanga na wakuu wake waliogopa sana wageni wanaoingia kutoka mashariki, hasa baada ya kusikia kwamba Wajerumani wananyakua nchi za pwani. Wamisionari walioko huko waliandika barua kumwonya asipite Busoga. Barua hazikumfikia. Sisi tunaona pia alikuwa na haraka, na kusema hivyo si kumvunjia heshima.

Alipofika Mumias aliuacha msafara mkubwa kwa Kasisi William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa India. Yeye akachukua watu kama 50, wakashika njia ya magharibi, kupitia nchi ambayo leo ni Busia, hadi Busoga kwa mtawala Luba. Hapo alikamatwa, akafungiwa siku nane katika kibanda chenye panya na chawa, homa imemshika. Daftari lake liliokolewa, ndiyo maana twajua kwamba usiku fisi walilia karibu naye, na kwamba Zaburi ya 30 ilimtia nguvu. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa kwa mikuki pamoja na karibu watu wake wote. Alikuwa na miaka 38.

Katika matanga yetu wako wanaonong'ona kwamba marehemu alikosa imani, au familia ina dhambi iliyofichwa. Wapendwa, maneno hayo yameumiza wajane wengi hapa. Hannington aliomba, aliombewa, Zaburi ilikuwa mkononi mwake, na bado mkuki ulimfikia. Na Joseph Mukasa, Mkatoliki aliyetumika katika jumba la Kabaka, alipomkemea Mwanga kwa mauaji hayo, naye aliuawa Novemba 15 mwaka ule ule.

Lakini sisi tunawafikiria zaidi wale wapagazi. Nao walikuwa na wake na watoto. Wachache tu walitoroka, wakarudi Mumias na habari. Jones hakutaka kuamini mara moja, akakaa karibu mwezi mzima akingoja. Nani kati yetu hajangoja hivyo, akiuliza kila anayefika kama amemwona fulani njiani?

Mwishowe aliwaongoza waliobaki kurudi pwani. Februari 1886 waliingia Rabai na bendera ya buluu iliyoshonwa neno Ikabodi kwa herufi nyeupe, lile jina la mjukuu wa Eli aliyezaliwa siku ya msiba.

Mifupa ya askofu ilipatikana baadaye, na Desemba 31, 1892 ikazikwa Namirembe, Kampala. Miaka ikapita, mwanawe Joseph akaja Uganda kama mmisionari, akambatiza mwana wa Luba. Wapagazi hawana kaburi tunaloweza kuonyeshwa. Ibada ya Oktoba 29 mwaka huu tutawataja pamoja na askofu wao, kisha kila familia itasimama na kutaja majina ya watu wake waliobaki njiani.